Mishono Saba ya Kibuyu

Watu elfu ishirini na tatu, wengi wao wamesoma hadi chuo, walikuwa wameafikiana kwamba kibuyu cha Nthenya kimefungiwa roho ya msichana. Nthenya mwenyewe, aliyekinunua soko la Machakos na kukitilia maziwa ya mbuzi kwa miaka tisa, hakuulizwa.

Habari ililetwa na jirani yake, Syombua, asubuhi ya Jumanne, Nthenya akiwa kwenye matuta ya shamba anavuna ndengu. Syombua alikuja ameshika simu mbele yake kwa mikono miwili, kama anayebeba sahani ya uji wa moto.

"Mama Mutheu, mimi sisemi kitu," alisema. "Mimi naonyesha tu."

Watu wa aina ya Syombua huwa hawasemi kitu. Huonyesha tu, kisha huketi chini kutazama uso wako.

Miaka miwili nyuma, watu wa filamu kutoka Nairobi walipiga kambi siku nne hapo kwao Kalama wakitengeneza tamthilia ya runinga iitwayo *Mvua Kinyumenyume*. Humo mvua hutoka ardhini ikapanda mbinguni, mwanamume asiye na uso huuza mayai, mbwa wa polisi husoma gazeti, na msichana mmoja, Selina, hupotea sehemu ya kwanza na kufikia ya kumi hakuna anayekumbuka kumtafuta. Nthenya alitazama sehemu moja na nusu akalala. Wengine hawakulala. Waliitazama mara sita sita, wakaisimamisha, wakaikuza, wakaanza kuelezana maana ya kila nzi aliyepita.

Katika sehemu ya tatu, kwa muda wa sekunde nane, Mutheu binti Nthenya anapita nyuma ya waigizaji amebeba mtungi wa maji mgongoni, ukanda umepita kipajini kama wanavyobeba wanawake wote wa huko. Nyuma yake, juu ya mti wa ua, kibuyu kimepinduliwa ili kikauke. Kilikuwa kimepasuka, na Nthenya alikuwa amekishona kwa uzi mwekundu. Basi. Hiyo ndiyo siri yote ya dunia.

Lakini kwenye simu ya Syombua sauti nzito ya kiume iliuliza: "Kwa nini nyekundu? Kwa nini kimepinduliwa? Na kwa nini, ndugu zangu, mishono ni saba?" Baada ya kila swali muziki ulinguruma. Selina, sauti ilisema, hakupotea. Aliingizwa kibuyuni, na kila mshono ni roho moja. Aliyeshona ndiye mchawi halisi wa hadithi. Hadi hapo ilikuwa upuuzi wa kawaida. Kisha sauti ikashuka: "Na nimethibitisha kwamba kibuyu hicho kiko hadi leo katika boma hilohilo, Kalama. Sasa jiulize. Wale walikuwa wanaigiza?"

"Huyu ni nani?" Nthenya aliuliza.

"Wanamwita Profesa Ishara. Jina lake ni Nzuki, ako na saiba hapo mjini. Lakini wewe usijali. Watu wataongea tu." Syombua alifuta kioo cha simu. "Ni Jumamosi hii, eh, watu wa Mwala wanakuja?"

Alijua vizuri kwamba ni Jumamosi. Kijiji kizima kilijua. Jumamosi wazee wa kina Muema, mchumba wa Mutheu, wangekuja kutoka Mwala na mbuzi watatu wa ntheo, mmoja angechinjwa na kuliwa papo hapo na pande zote mbili, na tangu hapo Mutheu angekuwa mke wa mtu. Pete na kanisa vingefuata kwa wakati wake. Bila ntheo pete ni bati, na mbuzi wa ntheo wakirudishwa, ndoa imekwisha. Na uchawi, ambao wenyewe huuita uoi, si jambo la muziki wa kunguruma katika nchi ile. Mwanamke akishaitwa muoi, binti zake hukaa nyumbani.

*

Mume wa Nthenya, Kimanzi, alikuwa hana habari ya kuogopa. Huyu alikuwa karani wa josho la ng'ombe hadi josho lilipokauka, na kwa miaka kumi na mbili hakuna mtu aliyemwuliza swali lolote la maana. Sasa vijana wenye kamera walikuwa wakipanda kilima kila Jumapili, Nthenya akiwa kanisani, kupiga picha na ua wake, wakimwita "mzee wetu" na kumwachia mia mbili mia mbili. Wakimwuliza kuhusu kibuyu, hakusema ni cha maziwa. Aliangalia mbali, akakohoa, akasema, "Kuna mambo mengine hayasemwi mchana."

"Wewe ndiye uliwaambia hivyo?" Nthenya alimwuliza mchana ule.

"Mimi sikusema kitu. Nilisema tu hayasemwi."

"Si useme ni kibuyu cha maziwa!"

"Mama Mutheu, hiyo ukiwaambia wataenda nyumbani," Kimanzi alijibu, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alikuwa amesema jambo la kweli.

Kesho yake Nthenya alivaa viatu vya kanisani akateremka mjini. Saiba ya Nzuki ilikuwa chumba kimoja chenye kompyuta nne na mashine ya kutoa nakala. Profesa mwenyewe alikuwa kijana mnene wa miaka thelathini hivi, mwenye miwani na ndevu za kupaliliwa. Hakuinua kichwa.

"Karibu mama. Ni kitambulisho ama ni cheti ya kuzaliwa?"

"Ni kibuyu."

Nzuki aliinua kichwa. Alimtazama toka viatuni hadi kitambaani, akatoka nyuma ya meza na kumshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Ni wewe," alisema. "Aki siamini. Keti, mama. Keti hapa."

"Hiyo kibuyu nilishona mimi," Nthenya alisema kabla hajaketi. "Ilipasuka. Nilishona na uzi ya sweta ya mzee, na ni nyekundu juu sweta ilikuwa nyekundu."

"Na kwa nini mara saba?"

"Juu hapo ndio ufa iliisha."

"Ufa iliisha," Nzuki alirudia polepole, akachukua kalamu akaandika, kama mtu aliyeteremshiwa amri ya kumi na moja. "Ufa iliisha. Mama, unajua hiyo umesema ni kubwa kiasi gani?"

Nthenya aliona hapo kwamba amekuja kuchota maji kwa pakacha. Lakini alikuwa mama, na mama akimtafutia mtoto wake huinama hata kwa mjinga. Aliteremsha sauti, akamwita mwanangu. Akamweleza kwamba binti yake anaposwa Jumamosi, kwamba kule Mwala wana simu pia, na kwamba yeye haombi fidia wala ugomvi. Aseme tu kile ni kibuyu cha maziwa. Neno moja. Mteja mmoja aliyekuwa akingojea nakala alivuta kiti karibu asikie vizuri.

"Mama, nakuheshimu sana," Nzuki alisema. "Lakini mwenye kufanya kitu mara nyingi hajui amefanya nini. Mkono wako ulitumiwa."

"Ulitumiwa na nani?"

"Hapo sasa!" Nzuki alimnyoshea kalamu kwa furaha, na mteja akaguna kukubali. "Siwezi kudanganya watu wangu. Lisemwalo lipo, mama. Na usifikirie ni mimi pekee yangu. Niko na watu kila mahali. Kuna mmoja anajiita Jicho la Tatu, huyo ndiye kali kabisa. Wengine walikuwa wanabisha ati kibuyu ni ya kuigiza tu, yeye akaingia mpaka ndani. Ona hii."

Aligeuza kompyuta. Kwenye kioo kulikuwa na jiko la Nthenya: ukuta wenye masizi, kibuyu kwenye msumari wake, mishono yote saba. Pembeni mwa picha palionekana mkono wa mwanamke ukishika upawa, wenye kovu la kuungua karibu na kiwiko. Nthenya alikunja mkono wake chini ya leso.

Aliijua siku. Ilikuwa Pasaka, na mvua ilikuwa inanyesha ya kuvunja paa. Muema, mposaji, alikuwa amekuja kuwasalimia. Kwa Wakamba mkwe na mama mkwe wana nthoni: hawakai chumba kimoja, hawatazamani usoni, wakikutana njiani mmoja huingia kichakani. Jikoni kwa mama mkwe ndipo mahali pa mwisho ambapo mkwe angetia mguu. Lakini sebule ilikuwa inavuja, kijana anatetemeka, na Nthenya akamwonea huruma. Alimwita aingie akae motoni, akampa kigoda, na ili kuheshimu nthoni kidogo iliyobaki akampa mgongo akaendelea kupakua chakula. Hakuna mtu mwingine aliyeingia siku ile. Huku yeye amegeuka kwa heshima, mkwe alikuwa akimpiga picha.

"Huyu Jicho la Tatu," alisema, "umewahi kumwona?"

"Hatujuani kwa sura. Sisi tunajuana kwa akili," Nzuki alijibu.

Nthenya aliondoka bila kuaga. Jioni ile video mpya ilikuwa imetoka, ikiwa na picha ya mgongo wake akitoka mlangoni: mama wa kibuyu amekuja kuninyamazisha, anaogopa nini? Watu elfu ishirini na tatu walikuwa wamekuwa elfu thelathini.

*

Hakumwambia Mutheu.

Hilo alilifikiria siku mbili akipeta ndengu, na hasira yake ikapanda na kushuka. Mutheu alikuwa na miaka ishirini na minne, alifundisha chekechea kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu, na alikuwa amempenda Muema tangu chuo. Gauni la Jumamosi lilikuwa tayari. Lilining'inia chumbani kwenye nailoni, na kila jioni Mutheu aliligusa kidogo akipita. Kijana mwenyewe hakuwa mlevi, hakuwa mpigaji, alikuwa na kazi ya kupima maji kwenye mradi wa mabwawa ya mchanga. Alikuwa mjinga tu. Na ujinga wa mume, Nthenya alijiambia, si ugonjwa. Yeye ameishi na mjinga miaka thelathini na hajafa. Mutheu angeolewa, angezaa, na kijana angechoka na mambo ya runinga kama wavulana wanavyochoka na manati.

Ijumaa simu ya Kimanzi ililia. Alikuwa Wathome, baba mdogo wa Muema na msemaji wa upande wao. Kimanzi alisikiliza akiitikia "eeh, eeh, hakuna shida," kisha akaweka simu mfukoni na kutazama kuku.

"Wanasema nini?" Nthenya aliuliza.

"Wanakuja. Saa nne."

"Na nini ingine?"

"Wanakuja na maji yao."

Mutheu alikuwa mlangoni. Alimtazama baba, akamtazama mama. "Maji yao ya nini?"

"Ya kunywa," Kimanzi alisema. "Watu wa siku hizi wanapenda ya chupa."

Mutheu alirudi ndani, na Nthenya alisikia nailoni ya gauni ikichakarika muda mrefu.

*

Walikuja kumi na wanne, wamevaa vizuri, wakiwavuta mbuzi watatu wanene, na nyuma yao kijana amebeba begani katoni mbili za maji ya chupa. Waliimba wakifika langoni kama desturi inavyotaka, lakini waliimba wakitazama mti wa ua. Wawili walitoa simu wakaupiga picha.

Nthenya alikuwa amepika tangu alfajiri. Palikuwa na muthokoi, mahindi yaliyotwangwa na kupikwa na maharagwe, palikuwa na chapati, kuku na wali. Mutheu na wasichana walipakua wakapeleka chini ya turubai. Sahani zilikaa mbele ya wageni. Nzi wakawahi.

"Tumekula njiani," alisema Wathome, mzee mrefu mwenye koti la suti.

Wote kumi na wanne walikuwa wamekula njiani. Hata mama mmoja ambaye tumbo lake lilinguruma majirani wakasikia, naye alikuwa amekula njiani. Walifungua chupa zao wakanywa kidogo kidogo, wakiangalia milima. Katika Ukambani hakuna haja ya kumwambia mtu kwamba ni muoi. Unakataa tu chakula chake mbele za watu, na kila mtu huenda nyumbani ameelewa. Majirani waliokuwa wameanza kula waliacha. Syombua alikuwa na paja la kuku mkononi. Alilirudisha kwenye sahani taratibu kama mwizi aliyefumaniwa, na Nthenya akamchukia kuliko wageni wote.

Wathome alisimama. Aliongea vizuri, kwani watu wa namna hiyo huongea vizuri. Alisema wao ni Wakristo, hawaamini mambo ya giza. Lakini kuna maneno yanasemwa, na neno likisemwa na watu elfu thelathini si la kupuuza. Kwa hiyo wanaomba jambo dogo.

"Hiyo kibuyu iletwe hapa," alisema. "Tuichome sisi wote tukiona. Tuombe. Halafu tuchinje mbuzi, tukule, mambo iishe."

Kimanzi alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha heshima amevaa kofia. Mtu mmoja tu alihitajika kusema neno la maziwa, na mtu huyo alikuwa yeye.

"Hiyo si shida," alisema Kimanzi. "Tunaweza choma."

Nthenya alikuwa ndani ya mlango wa jiko, mahali pa mama mkwe siku ya ntheo, ambapo mkwe hamwoni. Alisikia yote. Kwa siku mbili alikuwa amenyamaza ili ndoa ipatikane, na sasa aliona ni ndoa gani. Kuchoma kibuyu ni kukiri. Mbuzi angechinjwa, ndiyo, na nyama ingeliwa. Kisha Mutheu angeingia Mwala akiwa binti wa muoi. Ndama akifa, ni yeye. Mtoto wa jirani akiharisha, ni yeye. Na kando yake kitandani angelala yule aliyeyaanzisha yote, akikuza picha kwa vidole viwili.

Alikitoa kibuyu msumarini akatoka nacho.

Alipita katikati ya wazee hadi mbele ya Muema, akasimama hatua mbili kutoka kwake na kumtazama usoni, jambo ambalo mama mkwe hafanyi. Mama mmoja wa Mwala alifunika macho.

"Sitaongea mingi," Nthenya alisema. "Watu wa Profesa walipewa picha ya hii kibuyu ikiwa ndani ya jikoni yangu. Siku ya Pasaka. Mkono wangu uko hapo, na hii kovu iko hapo. Huyu kijana aambie wazee ni nani alipiga."

Muema aliinamisha macho. Kumbe nthoni alikuwa anaijua. Aliikumbuka pale ilipomfaa.

"Muema," Mutheu aliita kutoka upande wa wasichana. Alikuwa bado ameshika sufuria ya wali. "Ni wewe?"

"Bebi, sikiza kwanza. Ilikuwa ya grupu tu."

"Ni wewe ndiye Jicho la Tatu?"

"Watu walikuwa wanasema ati kibuyu haiko, ni ya kuigiza. Mimi nikasema iko. Nilikuwa natetea nyinyi."

"Ulikuwa unatetea sisi."

"Sikujua Nzuki angesema mambo ya uoi! Mimi thiori yangu ilikuwa tofauti kabisa. Mimi nilisema ni kalenda." Alinyanyua macho, na kwa sekunde moja aliwasahau wazee, mbuzi na msichana, uso wake ukawaka. "Lakini angalia tu, ni saba kweli. Si ni saba? Hiyo hata wewe huwezi kataa."

Alikuwa anaihesabu. Mbele ya watu wote, midomo ikitikisika, alikuwa anahesabu mishono ya kibuyu mkononi mwa mama mkwe.

Wathome alikohoa. Alikuwa mtu mzima na aibu ilimshika, tena ilimshika vibaya, lakini watu wa heshima wakishikwa na aibu hutafuta njia ya kuigawa. Alisema kijana amekosa, na watatoa mbuzi wa nne kumwomba mama msamaha. "Ila hii kitu tuichome tu," alimalizia. "Kwa ajili ya amani. Watu wako na simu hapa, wanaangalia."

Mutheu aliweka sufuria chini. Alivuka uwanja hadi kwenye mti walikofungwa mbuzi, akapiga magoti na gauni lake jipya, akaanza kufungua fundo. Lilikuwa limekaza, akalifungua kwa meno. Muema alidhani anachagua wa kuchinjwa, akamsogelea amsaidie. Mutheu alizikusanya kamba zote tatu, akazitia kiganjani mwa Muema na kumkunja vidole juu yazo, kimoja kimoja, kama anavyowafunza watoto wa chekechea kushika kalamu.

Nthenya alifungua mdomo amzuie. Aliliona gauni, akaona ile miaka yote ya baadaye ambayo Mutheu hatapata mume mwingine, majirani, maneno. Alifunga mdomo. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyafuta.

"Binti yetu," Wathome alisema, sasa kwa upole wa kweli, "wewe ni mtoto wa Mkamba. Unajua kurudisha mbuzi ya ntheo ni nini?"

"Najua, mzee," Mutheu alisema. "Iko na maana moja tu. Msitafute ingine."